Piano Inayojipiga Yenyewe: Seremala Asiitoe Matumbo

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Isevya, Tabora. Baba mkwe alituachia piano ya kusimama, nzito ajabu, aliyoinunua zamani kwenye mnada. Juu ya vitufe ina vijilango viwili vya kusukuma pembeni. Ukivifungua unakuta upau wa shaba wenye vitundu vingi vidogo vilivyopangwa mstari mmoja. Chini kuna pedeli mbili pana za kukunjua. Tuna roli kumi na moja za karatasi zenye matobo, moja imechanika. Nilifunga roli moja nikakanyaga. Nikasikia hewa ikivuja fyuu, vitufe vitatu vikashuka vyenyewe, na karatasi haikusogea. Seremala wa mtaani anasema mitambo ya ndani imeoza, aitoe ili piano iwe nyepesi mtoto ajifunzie. Kijana wa kujaza upepo matairi amejitolea kuja kuipuliza kwa kompresa. Halafu kuna mkusanyaji wa vitu vya kale wa Nairobi ameomba picha. Je, inaweza kulia tena? Nianze wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Anza kwa kumwambia seremala aweke bisibisi chini. Kijana wa kompresa mshukuru, lakini asije na mpira wake. Piano yako inaweza kulia tena. Dalili ulizozitaja zinaonyesha kilichochakaa ni vile vitu ambavyo hata aliyeiunda alijua vitakuja kubadilishwa: kitambaa, ngozi, mpira na gundi. Mbao, shaba na chuma huenda ni vizima kabisa. Ila mtambo ukishang'olewa na kutupwa jalalani, hakuna duka la Tabora wala la Dar es Salaam litakalokuuzia mwingine, na piano itabaki na pengo kubwa tumboni na pedeli zisizo na kazi. Wakusanyaji wengi duniani hukutana na piano zilizofanyiwa hivyo, na karibu zote haziwezi kurudishwa.

Watu huziita zote pianola, ingawa Pianola lilikuwa jina la biashara la kampuni ya Aeolian ya Marekani. Ya kwanza ilitengenezwa na Edwin Votey mwaka 1895, nayo ilikuwa kabati la kando: unalisogeza mbele ya piano ya kawaida, likabonyeza vitufe kwa vidole vya mbao. Mara baada ya 1900 watengenezaji wakaanza kuuingiza mtambo wote ndani ya piano, na yako ni ya ukoo huo. Biashara ilifika kileleni mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha redio na santuri zilizorekodiwa kwa umeme tangu 1925 zikaanza kuila, na mdororo wa uchumi wa 1929 ukaimaliza. Kwa hiyo piano kama yako kwa kawaida imeshavuka miaka 90. Kitambaa chenye mpira kilichokaa miaka 90 kwenye joto la Tabora hakiwezi kulaumiwa kwa kuvuja.

Kabla ya kugusa kitu, lishike jambo hili, maana kila ushauri unaofuata umesimama juu yake: mtambo huu unavuta hewa, haupulizi. Ni kama mtu anayenyonya soda kwa mrija. Ukikanyaga pedeli, mivukuto miwili ya chini inafyonza hewa kutoka mtambo mzima na kuitoa nje. Mvukuto mwingine mkubwa, tuuite ghala la pumzi, una springi ndani na unasawazisha ili mvuto usikatike mguu mmoja unapopanda na mwingine unaposhuka. Juu, kila kitundu cha upau wa shaba kina paipu yake nyembamba inayokwenda hadi kwenye kifuko cha ngozi, duara dogo lenye upana wa sarafu. Karatasi ikiziba kitundu, hakuna kinachotokea. Tobo la karatasi likipita juu ya kitundu, hewa ya chumbani inaingia kwenye paipu na kukiinua kifuko. Kifuko kinainua vali, vali inafungua njia ya mvuto kwenda kwenye kivukuto kimojawapo kati ya 88, na kivukuto hicho kinajikunja ghafla na kuirusha nyundo kwenye waya. Tobo likishapita, hewa iliyobaki chini ya kifuko lazima itoke upesi, la sivyo sauti haikatiki. Njia yake ni tundu lenye upana wa milimita moja hivi. Tuliite tundu la kupumulia. Likishike jina hilo, maana nusu ya matatizo utakayokutana nayo yanaanzia hapo.

Sasa turudi kwenye ulichokiona. Ile fyuu ni kitambaa cha mivukuto ya chini kimekauka na kupasuka kwenye mikunjo. Karatasi kutosogea kunatokana na hilohilo: roli inazungushwa na mota ndogo ya hewa, nayo ikipata mvuto hafifu inasimama. (Angalia pia wenzo wa kurudisha karatasi nyuma. Ukiwa katikati, si mbele si nyuma, karatasi haitakwenda hata mtambo ukiwa mpya.) Vitufe vitatu ndivyo vinavyonipa matumaini zaidi. Mwanzo wa roli hauna matobo, kwa hiyo vitundu vyote vilikuwa vimezibwa na hakuna kitufe kilichopaswa kushuka. Vikashuka vitatu. Maana yake ni kwamba hata kwa mvuto hafifu, vifuko vitatu viliinuka, vali tatu zikafunguka, na vivukuto vitatu vikafanya kazi. Kasoro yao ni kwamba hewa inawaingilia kwa njia isiyo halali: paipu imechomoka au imepasuka, ama tundu la kupumulia limeziba na hewa iliyoingia haitoki.

Kuna jambo moja hukuniambia. Ulipoacha kukanyaga, vitufe hivyo vilirudi? Vikirudi taratibu mvuto ulipoisha, kasoro iko kwenye mambo ya hewa. Vikibaki chini hata piano ikiwa imetulia kabisa, felti ya ndani ya kitufe imevimba kwa unyevu au mbao imekaza. Hilo ni tatizo la piano ya kawaida, na fundi yeyote wa piano hulimaliza kwa dakika chache. Usichanganye haya mawili.

Kuhusu kompresa, sababu ni hizi. Pianola ikipiga kwa sauti ya chini inatumia mvuto unaoinua maji sentimita 15 hivi kwenye mpira. Ikipiga kwa nguvu hufika 75 au kuzidi kidogo. Kompresa ya matairi hutoa hewa yenye nguvu mara 80 na zaidi ya hiyo. Ikipulizwa kwenye upau wa shaba itapasua vifuko vya ngozi iliyokauka, na vumbi lote la karatasi lililokaa kwenye vitundu litasukumwa ndani hadi kwenye vali na kwenye yale matundu ya kupumulia, mahali ambapo huwezi kulifikia bila kufungua kila kitu. Kupuliza kwa mdomo ni kubaya vilevile, kwa kuwa mate huenda pamoja na hewa. Vumbi la upau hutolewa kwa kuvutwa nje.

Kifaa cha kuvuta kinauzwa ng'ambo, lakini Tabora ni mji wa baiskeli na pampu ya baiskeli inatosha. Chukua pampu ya zamani ya mkono, ile yenye kikombe cha ngozi kwenye ncha ya fimbo. Fungua, geuza kikombe kielekee upande wa pili, funga tena. Sasa ukivuta mpini, pampu inanyonya badala ya kusukuma. Hakikisha hakuna vali inayobaki kwenye mpira. Kata kipande cha mpira laini, kitoboe katikati, kikae kama midomo kwenye ncha ya mpira wa pampu. Bandika midomo hiyo juu ya kitundu kimoja, vuta kwa nguvu mara mbili au tatu, hamia kinachofuata. Vitundu 88 ni kazi ya saa moja. Utaona unga wa kijivu ndani ya pampu. Huo ni vumbi la karatasi lililokatwa na ukingo wa shaba kwa miongo mingi. Ni kazi ndogo, lakini mara nyingi vitufe vilivyokuwa kimya hufufuka kwa hiyo peke yake.

Kabla ya hapo, ifanyie piano ukaguzi wa nyumba. Tabora tunaijua kwa mchwa. Isogeze kutoka ukutani na upige mgongo wake na ubao wa chini kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu. Iliyoliwa inajibu kama boga. Tafuta njia za udongo kwenye miguu na nyuma ya ubao wa mwangwi, na vitundu vya milimita moja au mbili vyenye unga mweupe chini yake, ambavyo ni vya dumuzi. Usipulize dawa ya wadudu ndani ya mtambo. Mafuta yanayobeba dawa hulainisha mpira na kuharibu ngozi. Paka mbao za nje tu, kwa brashi. Kipande kilicholiwa kabisa kibadilishe kwa mninga mkavu. Mninga hauvimbi wala kusinyaa sana majira yanapobadilika, kwa hiyo hapo ukanda wa miombo umekupa bahati ambayo fundi wa Ulaya hana.

Na uzito. Piano ya kusimama yenye mtambo huwa na kilo 300 hadi 400, na sehemu kubwa iko nyuma, kwenye fremu ya chuma iliyobeba mvutano wa nyaya wa tani 16 hadi 20. Ikilala nyuma bila kushikwa inaua mtu. Wawe watu sita, wawili wakae nyuma muda wote, na watoto watoke chumbani.

Hatari nyingine watu hawaijui. Kwenye piano nyingi za zamani, paipu za kutoka upau wa shaba ni za risasi. Ukiona juu yake unga mweupe kama chokaa, hiyo ni risasi iliyoliwa na hewa, na ni sumu. Usiupulize wala kuufagia. Vaa glavu, futa kwa kitambaa kilicholowa, kifunge kwenye mfuko ukitupe, unawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Mtoto anayetaka kujifunza piano asishiriki kwenye hatua hii.

Sasa vipimo. Kipimo cha mvuto kinatoka kwa fundi ujenzi: ule mpira wa uwazi anaotumia kupimia levo kwa maji. Kata mita mbili, upinde kwa umbo la U kwenye ubao, tia maji yenye rangi hadi nusu, weka rula katikati. Ncha moja iachie wazi, nyingine iunganishe kwenye paipu yoyote itokayo kwenye kasha la mvuto. Kanyaga. Tofauti ya maji kati ya pande mbili, kwa sentimita, ndiyo nguvu ya pumzi ya piano yako. Wapo wanaosema pianola haiwezi kupiga vizuri Tabora kwa kuwa mji uko mita 1,200 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Si kweli. Uzito wa hewa ya Tabora ungeweza kuinua maji karibu mita tisa, na pianola haitaki hata mita moja.

Kipimo cha kwanza fanya wenzo wa kupiga ukiwa umezimwa, yaani mtambo wa juu umetengwa na wa chini. Kanyaga mpaka pedeli zigome, kisha acha. Ghala la pumzi likichukua sekunde 10 au zaidi kufunguka, mivukuto ya chini inafaa. Likifunguka mara moja, usihangaike na ya juu. Kazi yako ya kwanza iko chini, na ukiiruka utakuwa unatibu vitufe 88 kwa ugonjwa usio wao. Kwa ulivyoeleza, nina hakika utaangukia hapa.

Ukishapata mivukuto ya chini inayoshika, ziba upau wote wa shaba kwa utepe wa karatasi unaobanduka bila kuacha gundi, washa wenzo, kanyaga. Piano inapaswa kunyamaza. Kila kitufe kitakachoshuka kiandike namba. Kwa kila kimoja, bana paipu yake kwa vidole karibu na kifuko. Kikinyamaza, paipu imepasuka au imechomoka upande wa upau. Kikiendelea, tundu la kupumulia limeziba au vali haikai vizuri kwenye kiti chake. Tundu la kupumulia lisafishe kwa waya mwembamba kuliko tundu lenyewe, ukiuzungusha taratibu. Usitumie keekee hata siku moja. Likipanuka, hewa inatoroka kabla kifuko hakijainuka, na kitufe kitakuwa kizito milele.

Baada ya hapo toa utepe wa kitundu kimoja kimoja. Kinachokataa kupiga kina moja ya sababu tatu: paipu imeziba, kifuko kimetoboka, au kitambaa cha kivukuto chake kimepasuka. Ukiona vingi vinakataa, zaidi ya kumi hivi, usitengeneze kimoja kimoja. Kitambaa kimoja kikifa, wenzake waliozaliwa siku moja naye wako njiani.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri wa samani huharibu. Piga picha kila hatua. Andika namba kwa penseli kwenye kila kivukuto, kila paipu, kila skrubu ndefu na fupi, kuanzia kushoto. Anza na mivukuto ya chini. Kabla ya kukata kitambaa cha ghala la pumzi, lifunge kwa kamba imara, maana springi ya ndani inaweza kurusha ubao usoni mwako. Ndani ya mivukuto ya kukanyaga utakuta vipande vya ngozi vinavyofungua na kufunga matundu. Vikiwa vimekakamaa, vibadilishe navyo, la sivyo kitambaa kipya hakitakusaidia.

Kitambaa lazima kiwe cha pamba kilichopakwa mpira, kizito kwa mivukuto mikubwa, chembamba sana kwa ile 88. Kinaagizwa kwa wauzaji wa vifaa vya piano. Usikubali kuuziwa ngozi ya sofa, turubai, kitambaa cha mwavuli wala tyubu ya baiskeli. Ngozi ya sofa ni nzito, haikunjiki kwenye pembe. Ya mwavuli inapitisha hewa. Tyubu inarudi yenyewe kama springi na kuipokonya nyundo nguvu. Kwa vivukuto 88 mita mbili hadi tatu za kitambaa chenye upana wa mita moja na kidogo kwa kawaida hutosha, lakini pima chako: zungusha kamba kwenye kivukuto kimoja, ongeza sentimita mbili za kupishana, zidisha. Mpira wa paipu unaweza kufika mita 50. Ile mipira ya plastiki angavu inayouzwa madukani hukakamaa ikaanza kuchomoka, na joto letu huiharakisha.

Gundi ni ya ngozi, ile ya moto. Nalitilia hili mkazo. Gundi nyeupe ya mbao inashika, ndiyo, lakini baada ya miaka thelathini atakayekuja kubadilisha kitambaa hataweza kuitoa bila kuvunja ubao. Silikoni ni mbaya zaidi: inaingia kwenye mbao na baada yake hakuna gundi nyingine inayokubali. Gundi ya ngozi inaachia kwa joto na maji, na kwa sababu hiyo piano yako inatengenezeka leo. Chukua sehemu moja ya chembe za gundi kwa sehemu mbili za maji baridi kwa uzito, acha saa moja zivimbe kama kunde zilizolowekwa. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji, pasha hadi nyuzi 60. Isichemke. Ikizidi 70 inapoteza nguvu. Inyanyue kwa brashi na utazame inavyoanguka: inapaswa kutiririka uzi mmoja bila kukatika, kama asali ya Sikonge iliyowekwa juani. Ikidondoka matone matone, ni nyepesi. Ikivutika na kukunjana, ongeza maji kijiko. Paka kingo za mbao mbili, viringisha kivukuto juu ya kitambaa, bonyeza kwa kitambaa cha uvuguvugu. Una chini ya dakika moja kabla haijaganda, kwa hiyo tayarisha kila kitu kabla, funga madirisha na uzime feni. Gundi iliyobaki siku ya tatu inaanza kunuka. Imwage, pika nyingine.

Kivukuto kikikauka, kifunge kwa mkono, ziba tundu lake kwa kidole, halafu jaribu kukifungua. Kikikataa kufunguka, ni kizuri. Kikifunguka pole pole, tafuta pembe inayovuja, na mara nyingi ni pembe ya kwenye bawaba.

Vifuko vya ngozi vinahitaji ngozi nyembamba, karibu theluthi moja ya milimita, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ngozi ya mbuzi ya kwetu ni imara, lakini inavyosindikwa kwa ajili ya viatu na ngoma ni nene mno na haitaitika kwa hewa kidogo. Ikate duara, ibandike ukingo tu, katikati ilegee kama milimita tatu. Ukiivuta ikawa kama ngoma, haitainuka. Hili ndilo kosa la kwanza la kila anayejifunza.

Mota ya hewa haitaki mafuta. Vijibao vyake vinavyoteleza vinapakwa unga mweusi wa penseli laini tu (hiyo ni grafiti, si ile risasi yenye sumu). Wala usipulizie ndani ya piano yale mafuta ya kulegezea bolti zilizoshika kutu: yakifika kwenye felti na ngozi, hayatoki. Mota ikianza kuzunguka, ipime: weka kipimo cha kasi cha piano kwenye 70 na uweke alama kwenye karatasi. Kwa dakika moja inapaswa kupita futi 7, yaani mita 2 na sentimita 13. Ikichelewa tu pale unapokanyaga kwa nguvu, kidhibiti mwendo ndicho cha kurekebisha, na skrubu yake huzungushwa robo kwa robo.

Piano yenyewe, yaani nyaya, nyundo na felti, ishughulikie kabla hujarudisha mtambo mahali pake, kwa sababu ukisharudi utafunika kila kitu. Kama sauti imeshuka sana, isipandishwe hadi kiwango cha kawaida cha 440 (mitetemo ya nota A kwa sekunde) kwa siku moja. Ipande kwa awamu mbili au tatu, na pini zinazokaza nyaya zikiwa zimelegea, iachwe chini kidogo ya hapo, ilingane yenyewe kwa yenyewe. Piano iliyolingana chini ya kiwango inapendeza kuliko piano iliyokatika nyaya.

Kisha mahali pa kukaa. Tabora Julai mpaka Septemba hewa inakauka, Novemba mvua zinaanza na mbao zinavimba. Tafuta kipimo cha unyevu, ukitunze chumba kati ya asilimia 45 na 55 kadiri utakavyoweza: ukuta wa ndani, mbali na dirisha la magharibi, na wakati wa kiangazi chombo cha maji chenye sponji chini ya piano. Ndugu zetu wa Kigoma, walio karibu na ziwa, wana kazi ya upande mwingine: kwao nondo na kutu ndio maadui wakubwa, na piano isikae karibu na ukuta unaotoa jasho.

Hesabu sasa vitundu vya upau. Vikiwa 88 na vichache vya ziada, vimesongamana kiasi cha 35 kwa kila sentimita 10, piano yako inatumia roli za kiwango kilichokubaliwa na watengenezaji kule Buffalo, Marekani, mwaka 1908, na roli zake zinapatikana hadi leo. Vikiwa 65, vyenye nafasi zaidi, karibu 24 kwa sentimita 10, ni ya mfumo wa zamani na roli zake ni adimu. Vikikaribia 100, acha kila kitu na uniandikie kabla ya kugusa hata skrubu: huenda ni piano ya kunakili mpigaji, kama Welte-Mignon iliyotoka Ujerumani 1904 au Ampico ya Marekani, ambayo karatasi yake inabeba hata uzito wa vidole vya aliyepiga. Hizo ndizo wakusanyaji wanazozitafuta.

Kama ni ya kawaida ya kukanyaga, nakwambia ukweli ili usije ukaahidiwa makubwa: gharama ya kuifufua mara nyingi hupita bei yake sokoni. Thamani yake iko katika kuwa nzima na kuwa nyumbani kwenu. Mkusanyaji mwaminifu atataka picha za upau, mivukuto ya chini, namba iliyopigwa chapa kwenye fremu ya chuma, na ncha za roli. Mtumie. Akisema anataka mtambo tu na piano ubaki nayo, kataa. Hilo ni pendekezo la seremala kwa lugha ya heshima zaidi.

Lakini kabla ya kuzungumza bei, tazama vitufe vyeupe kwenye mwanga. Kila kimoja kikiwa na mstari mwembamba unaogawa sehemu pana ya mbele na sehemu nyembamba ya nyuma, na ukaona nyuzinyuzi kama za mbao ndani ya weupe, hizo ni pembe za ndovu. Kikiwa kipande kimoja kisicho na nyuzi ni seluloidi, nayo huwaka upesi, kwa hiyo mshumaa usikaribie. Karne ya 19, pembe za ndovu zilizotoka Ujiji zilipita hapo Unyanyembe mabegani mwa Wanyamwezi hadi Bagamoyo na Unguja, na sehemu kubwa ya zilizokwenda Marekani iliishia Connecticut, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton vilivyozikata kuwa vitufe vya piano. Yawezekana kabisa pembe zilizobebwa kupita Tabora zilirudi Tabora zikiwa vitufe. Leo sheria haiangalii umri wa simulizi hiyo. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na Tanzania ilikuwa mmoja wa walioiomba. Piano yenye vitufe vya pembe haivuki mpaka kwenda Nairobi bila kibali, na hata kuihamisha ndani ya nchi, waulize kwanza maofisa wa wanyamapori kwa maandishi. Usikubali kushawishiwa kubandua vitufe ili uviuze peke yake.

Ile roli iliyochanika usiitie selotepu. Selotepu inageuka kahawia, inatoa gundi na kuziba vitundu vyako vilevile ulivyovisafisha. Tumia karatasi nyembamba sana na gundi ya wanga iliyopakwa kwa uchache, ukate upya matobo yaliyofunikwa kwa wembe mpya. Na kabla ya kupiga roli yoyote ya zamani, iviringishe polepole kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho uone kingo zake. Kingo zilizopinda ndizo hupotosha karatasi pembeni, nota moja ikasikika mahali pa jirani yake.

Hesabu vitundu, pima pumzi kwa mpira wa maji, angalia kama vile vitufe vitatu vinarudi unapoacha kukanyaga. Niandikie majibu hayo matatu, nami nitakuambia kitambaa cha unene gani uagize na urefu wake.